Nyanda Yuko London

Kila lori la mpunga liliposimama kijijini Milepa, Sayi alilikimbilia na kumuuliza dereva swali lile lile: "Eti baba, London kuna baridi kama ya Sumbawanga?"

Wengine walicheka tu. Mmoja alimwambia huko maji hugeuka mawe. Siku hiyo Sayi hakula, akimfikiria mwanawe.

Nyanda alikuwa ameacha ng'ombe wa marehemu baba yake na kupanda Sumbawanga, mwaka ule biashara ilipofunguliwa na kila kijana akajiona tajiri mtarajiwa. Aliuza mitumba sokoni. Mavuno ya kwanza alikuja na kanga za mama yake, akamchumbia Jenifer, binti wa jirani, na mahari ikapelekwa. Mavuno yaliyofuata hakuonekana.

Masika yalipokwisha, rafiki yake wa sokoni, Isdori, alishuka Milepa na lori kununua mpunga. Sayi alimkuta tayari ameketi juu ya magunia, injini inanguruma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mwenzako yuko wapi?"

Isdori alivua kofia. "Kumbe hamkupata habari? Tulituma mtu, mvua ikakata barabara." Akatazama chini. "Nyanda alishakwenda London, mama. Pole sana."

Lori likaondoka. Sayi alibaki katikati ya vumbi, mkono kifuani. London! Ndiyo maana kijana wa watu alimpa pole, maana kuachwa na mwana namna ile ni uchungu. Lakini ulikuwa uchungu wenye heshima. Kabla jua halijazama, Milepa nzima ilikuwa na habari.

Aliyeujua mji ule ni mwalimu Raymond, aliyekuwa haikosi picha mpya kwenye mabanda ya video kila aendapo mjini. Jioni watu walikusanyika kwake, naye akawagawia London kipande kipande. Kuna daraja linalopasuka katikati kupisha meli. Kuna ukungu, mtu hauoni mkono wake. Watu hupishana njia nzima pasipo kusalimiana.

"Na treni zao," alisema, "zinapita chini ya ardhi. Watu wanashuka huko chini, maelfu kwa maelfu."

"Chini, udongoni?" Sayi aliuliza.

"Chini kabisa, mama."

Tangu hapo akaanza kumwota. Nyanda amesimama kwenye njia pana, ukungu umemfika magotini, watu wanampita kama hawamwoni. Anafungua kinywa amwite mama yake, sauti haitoki. Sayi aliamka akiwa anatetemeka, ilhali bonde zima la Rukwa lilikuwa linatokota kwa joto. Hata mchana, akisonga ugali, alihisi mtu amesimama mlangoni. Akigeuka, hakuna mtu.

Shemeji zake walitaka wamwendee mganga. Alikataa. "Mganga wa nini? Mtoto hajapotea. Yuko London."

Jenifer ndiye aliyemtoa nyumbani. Alikuja kufua naye mtoni, akasugua nguo moja mpaka ikakaribia kuchanika.

"Mama, yule mwenye mashine ya kukoboa ameleta barua ya posa. Baba anasema binti haolewi na jina la mji. Nikikataa safari hii, atanifukuza."

"Wewe unasemaje?"

"Mimi namsubiri Nyanda." Binti alilia. "Ila aniambie mwenyewe nisubiri."

Kesho yake Sayi alipanda lori. Lilikwea mlima kwa shida, na lilipofika juu Ufipa upepo ukampenya mifupani. Akajifunika kanga kichwani, akasema moyoni, basi London ni hivi.

Isdori alikuwa sokoni akikunja mashati. Alipomwona akasimama, akamketisha kwenye kiroba cha nguo, akaagiza chai. Sayi hakuigusa.

"Baba, nimekuja unielekeze namna ya kumfikia Nyanda. Kuna binti anateseka kwa ajili yake. Kama kuna simu ya kumpigia, nimeuza mbuzi. Kama hakuna simu, basi nionyeshe mtu anayekwenda huko, nimtume."

Shati lilimtoka Isdori mikononi.

"Nimtumie salamu tu," Sayi aliendelea. "Au London ni mbali sana?"

Kijana aliinama akaliokota.

"Si mbali, mama," alisema mwishowe. "Twende nikupeleke."

Sayi alicheka kwa furaha. Alijua anapelekwa kwenye simu. Isdori alimpakia kwenye baiskeli, wakaikata mitaa ya Mazwi. Penye njia panda muuza mahindi aliwapigia kelele, "Mshikaji, wapi hiyo?"

"London," Isdori alijibu.

Muuza mahindi akaacha kupepea moto mpaka walipopita.

Nyumba zilikwisha. Yakaja mashamba ya ulezi, kisha mikaratusi mirefu iliyokuwa ikivuma peke yake. Sayi alitafuta kwa macho jengo lenye nyaya za simu, hakuliona. Isdori alishuka, akailaza baiskeli majanini, akamshika mama yule mkono kama anayemvusha mto.

Mbele yao, chini ya miti, vilitandaa vichuguu vya udongo, mistari na mistari, kila kimoja na msalaba wa mti.

"Ndiyo hapa, mama. Sisi wa sokoni tunapaita London. Akienda mtu, harudi."

Upepo ulipita. Sayi aliitazama misalaba ile, mmoja baada ya mwingine, mpaka ilikoishia.

"Yeye yuko mtaa gani?" aliuliza.