Mstari kwenye Chaki

Supachaja ipi bora? Wajukuu zangu wawili, kaka na dada, walibishania hilo kutwa nzima pale gereji. Supachaja ni pampu ya kuishindilia injini hewa, basi. Kaka alitaka ya parafujo mbili, maana hiyo inasukuma tangu gari linapoondoka. Dada, ambaye ndiye dereva, alitaka ya feni.

"Ya feni inasinzia! Mpaka injini ipige kelele ndiyo inaamka," kaka akasema.

"Kama wewe asubuhi," dada akamjibu.

Mimi shule sikukaa, ila injini nazijua. Bloki, yaani mwili wa injini, ilikuwa tupu mezani. Nikaipaka mafuta ya taa, nikaifuta ikakauka, nikasugua chaki juu yake. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani huloanisha chaki. Nilifanya kwa mazoea tu.

Kati ya tundu la pistoni la pili na la tatu ukatokea mstari, mwembamba kama unywele. Ukarefuka tukiuangalia.

Mashindano ya magari yalikuwa keshokutwa. Dada alikuwa ameyangoja miaka miwili.

"Babu, si mdogo huu?" akauliza.

"Mdogo, mama. Lakini pampu yoyote mtakayofunga itaupasua katikati ya mbio, na usukani utakuwa nao wewe."

Akaweka ukucha juu ya mstari, akaufuata polepole mpaka mwisho. Bibi yao akaita kutoka ndani, mara ya tatu, kwamba chakula kinapoa.

Dada akachukua turubai, akaifunika bloki, akasema keshokutwa haendi. Kaka yake akampisha bombani anawe kwanza. Tukaingia ndani, tukavuta viti, tukakaa kula.