Firigisi ya Baba

Atupele alimwomba baba yake asije kutazama, lakini filamu ya riwaya yake kuhusu familia yao ilirekodiwa uani kwao, na mzee akaweka kiti jirani na kamera. Riwaya yenyewe hakuwahi kuisoma.

Mwigizaji wa mama akafunua sufuria, akachomoa firigisi, ambayo kwao huliwa na baba tu. Akaitupia mdomoni, akajifuta kwa kanga, akapeleka bakuli mezani kwa mwigizaji wa baba.

"Baba Atu, firigisi imeharibika. Nyongo iliipasukia."

"Kata!" Mzee alipiga kelele kabla ya mwongozaji. Akamgeukia mkewe halisi, aliyekuwa akitazama kando ya kiti chake. "Mama Atu! Kumbe zile zote za kuharibika ziliishia tumboni mwako?"

Atupele akaanza kuwaza filamu wataimalizia uani kwa nani.

"Wewe si ulikuwa hutafuni, unameza tu," mama yake akajibu. "Nikaona inapotea bure."

Mzee akaiendea sufuria, akachokonoa kwa mwiko mpaka akapata firigisi ya akiba. Akamnyooshea mkewe mbele ya wote.

"Haya, tafuna nikuone."

Mpiga picha, ambaye hakuwa amezima kamera, akasogea karibu. Mama akautoa mkono taratibu ndani ya kanga kuipokea.