Mkono Mgongoni

"Hongera, kijana! Kwa alama hizi, nani atakukataa?" alisema bosi wa kampuni iliyokuja chuoni Coimbatore, kusini mwa India, kuchagua wahitimu wa kuajiri. Akainuka, akazunguka meza, akampigapiga Kathiravan begani kama baba.

Kisha kiganja kikateremka mgongoni taratibu, kutoka bega la kushoto kwenda ubavu wa kulia, vidole vikipapasa juu ya shati jipya.

Kathiravan akaganda. Bosi alikuwa anatafuta uzi, ule ambao Wabrahmini, watu wa tabaka la juu la Kihindu, huuvaa chini ya shati. Kwake haukuwepo.

Mkono ukaondoka kama umeungua. "Haya, nenda. Tutakupigia simu."

Miaka yote ile ya kukesha na vitabu, kumbe mtihani wenyewe uko mgongoni!

Kathiravan akaufungua mlango wazi, wenzake waliokuwa wakisubiri zamu wakageuka. Akafungua vifungo, akavua shati, akamgeuzia bosi mgongo mtupu.

"Umeondoa mkono haraka mno, bosi," alisema kwa sauti ya kusikika hadi nje. "Hebu tafuta tena. Na hawa nao waone mnavyotuchagua."