Muwasho wa Msimu wa Korosho

Anifa alikuwa akimmiminia mdogo wake maji ya kunawa, kata moja tu, maana Newala maji hayachezewi, alipoyaona macho yake. Yalikuwa ya manjano kama bibo, tunda la mkorosho, lililoiva.

Mwaka jana, kule India, Anifa alitolewa uboho akawekewa mdogo wake. Mwezi huu daktari alianza kumpunguzia vidonge vinavyouzuia uboho huo usimshambulie. Alionya kwamba akiwashwa apelekwe upesi, apimwe ini.

Mdogo wake aliwashwa wiki tatu. Anifa akasema ni mafuta ya maganda ya korosho tu, nani asiyewashwa msimu huu, na wanunuzi binafsi wanazitaka zilizobanguliwa. Akampaka mafuta ya nazi, wakaendelea kubangua.

"Kumbe ni wewe unayenitafuna, dada," alisema mdogo wake, akijaribu kucheka. Mikono yake ilikuwa na michirizi ya kucha hadi kwenye viwiko.

"Ningalikupeleka siku ile ya kwanza ulipowashwa."

"Basi tuombane radhi, kabla gari la kwenda hospitali halijaja."

Anifa aliiweka kata chini. Hivyo ndivyo walivyoagana na mama yao kabla hajafa.

"Sikuombi radhi," alisema Anifa. "Vaa viatu."