Ukaguzi wa Saa Kumi na Mbili

"Mguu."

Kinyozi, akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda, alinyoosha mguu wa kushoto kama mshtakiwa anayetoa kielelezo. Fundi cherehani alipiga magoti, akausogezea kioo chini ya unyayo.

"Hicho kioo nilikuwa nimekificha."

"Nyuma ya pipa la maji. Mahali pagumu kweli, baba watoto."

Kila siku ya Mungu ilianza hivyo. Maji ya uvuguvugu yalipimwa kwa kiwiko, maana mguu wa kinyozi ungeweza kuiva na mwenyewe asijue. Taulo lilipitishwa katikati ya vidole. Mafuta yalipakwa kisiginoni. Soksi zilikuwa nyeupe, zisije zikamtunzia siri. Kisha fundi aliingiza mkono katika kila kiatu na kupapasa, kwa sababu kuna siku bwana huyu alinyoa watu kutwa nzima akiwa amekanyaga kipande cha kitana humo humo kiatuni, huku akipiga soga.

Kisukari kilikuwa kimeitia miguu yake ganzi, naye alijivunia kutosikia maumivu kana kwamba ni kipaji. Kidonda cha kwanza alikipuuza kwa ustadi mkubwa. Cha pili alikificha wiki mbili, mpaka harufu ilipomtangulia kukitangaza. Kidole kidogo kikabaki hospitali. Daktari aliwaambia kwamba cha tatu huenda kikaondoka na mguu mzima. Watoto wao watatu walilia kwenye simu, huko mbali waliko, kisha wakarudi kazini. Fundi hakulia. Kesho yake, saa kumi na mbili kamili, alifika na kioo.

Huu ulikuwa mwezi wa kumi na tisa bila kidonda kipya. Kinyozi aliwaambia wateja kwamba siri ni damu yake nzuri.

"Ulikosea kazi, mama watoto. Ungefaa magereza."

"Wafungwa wana akili. Wanataka kutoka na miguu yote miwili."

Alimkaribisha chai. Fundi akasema ameshakunywa.

Mara mkono wake ukasimama. Aliweka mgongo wa kiganja chini ya kidole gumba, akaupeleka kwenye mguu wa pili, akaurudisha.

"Hapa pana joto. Na pamekuwa pekundu."

Kinyozi alisema labda ni jua. Fundi alitazama dirishani, ambako jua lilikuwa bado halijachomoza, akasubiri. Ndipo yakatoka yote: jana kulikuwa na harusi ya mteja, akavaa vile viatu vyeusi vyenye ncha, kwa saa chache tu, tena havikumbana hata kidogo. Fundi alikubali kwamba havikumbana. Hakuna kitu kilichokuwa kimembana mtu huyu kwa miaka sita.

Kinyozi akaomba waende kliniki Jumatatu. Leo Jumamosi, vichwa vyote vya mtaa vilikuwa vinamsubiri.

"Hata kile kidole ulikiahidi Jumatatu."

Hapo mzaha ukamwishia kinyozi. Aliutazama mguu wake kwa muda, kama mtu anayemsindikiza mgeni bila kujua kama atarudi.

"Naogopa," alisema.

"Na mimi pia."

"Ningekuwa wewe, ningechoka zamani."

"Nilichoka zamani," fundi alisema. "Vaa soksi."

Nje, honi ililia mara moja, kwa adabu. Fundi alimshika kinyozi mkono, wakashuka ngazi polepole, kila hatua akimkumbusha asiukanyagie ule wa kushoto. Dereva, aliyekuwa akingoja pale nje kila asubuhi na redio yake ya sauti ya chini, aliwaona wanavyotembea. Alishuka bila kuitwa, akafungua mlango wa nyuma, akalaza mto juu ya kiti ili mguu upate pa kupumzika.

"Nakusumbua, ndugu yangu," kinyozi alisema.

"Nimeshazoea."

Fundi alipanda mbele, akafunga mkanda, akasema waende kliniki kwanza, cherehani itasubiri. Dereva aliwasha gari.

"Nilipokuoa," alimwambia fundi, akitazama nyuma ili atoke getini, "hukuniambia kwamba unakuja na mguu wa mumeo wa kwanza."