Ndoo ya Bwana Shekuwe

Bwana Shekuwe aliwarudisha samaki wake wa mapambo dukani kwa mbwembwe, utadhani analeta mahari. Ukweli ni kwamba alichoka kuwalisha. Lakini njia nzima alitangaza: "Mimi si mshamba wa kumwaga samaki wa kigeni bwawani!"

Bi Mwanakheri, mwenye duka, aliwachota mmoja mmoja kwa wavu kutoka kwenye ndoo. "Ahsante, Bwana. Na maji niachie, nitayamwaga mchangani nyuma ya duka. Yana konokono na vipande vya magugu ya kigeni; vikifika bwawani vitaenea kote."

Bwana Shekuwe alicheka kwa dharau. "Maji ni maji, Bibi. Umri huu unifundishe kumwaga maji?"

Akainyakua ndoo, akatoka, akaimwaga kwenye mfereji unaoteremka hadi bwawani, mji mzima unakochota maji. Akaigonga kitako, pa, pa, pa, lisibaki hata tone. Kisha akapangusa mikono kwa leso, akasimama akingoja kusifiwa, jitu zima.

Bi Mwanakheri, aliyemfuata nje, hakumtazama. Alikitazama kipande cha gugu, kifupi kuliko kidole, kikielea taratibu kuelekea bwawani, na konokono mdogo ametulia juu yake kama abiria aliyekwisha kulipa nauli.