Pipa Asiloruhusiwa Kuligusa

"Usiguse, Baba!" Eldad akapaza sauti.

Mkono wa Yehiel ukaganda hewani, karibu kabisa na bomba la pipa. Pipa lake mwenyewe! Mizabibu ya mlima ule wa Galilaya aliipanda yeye na mkewe Zahava, miaka arobaini iliyopita.

Rabi Menashe, msimamizi wa dini, ndiye aliyefungua bomba na kummiminia. Sheria ya mvinyo wa kosher, yaani ulio halali kwa Wayahudi, haina mjadala: asiyeshika Sabato haugusi mpaka chupa zizibwe. Na wiki iliyopita Rabi alikuwa ameambiwa kwamba Yehiel huendesha gari siku ya Sabato.

Ilikuwa kweli. Zahava alikuwa nyumba ya wazee kule Nahariya, na siku ya Sabato wahudumu ni wachache. Nani angemlisha? Lakini siri hiyo aliijua mtu mmoja tu: mwanawe wa pekee, Eldad, aliyemfumania asubuhi moja akiwasha gari.

Yehiel akaonja. Zabibu za aina tatu, alizozichanganya mwenyewe kabla hajafukuzwa penye mapipa. Zilikuwa zimeshikana vizuri ajabu: nzito, laini, na ukali kidogo mwishoni. Hakuwahi kutengeneza mvinyo mwekundu mzuri kama huu, lakini akautema.

"Haya, umepata ulichotaka," akamwambia Eldad. "Mapipa ni yako. Ungeshindwa nini kusubiri nife?"

"Baba, naapa si mimi!"

"Koma! Nimekulea, nimekufundisha kazi, halafu unaniuza kwa Rabi mchana kweupe? Msaliti mkubwa we! Toka. Na kwa mama yako usitie mguu tena."

Eldad, mtu mzima na ndevu zake, akabubujikwa na machozi. Akavua aproni, akaitundika, akaelekea mlangoni. Yehiel alimtazama bila huruma hata chembe. Moyo ulikuwa unamuuma mno.

"Mzee Yehiel, usimwonee kijana wa watu," Rabi akasema, macho chini. "Aliyeniambia ni Mama Zahava. Nilikwenda kumjulia hali."

"Zahava? Zahava wangu? Alisema nini?"



"Alilia sana. Alisema kuna mzee mmoja hamjui, anamfuatafuata, anamkalia kitandani, hata Sabato anakuja na gari. Akanisihi nimwambie mumewe aje amfukuze."